Msafiri Asiyechoka

Toka Unguja hadi Maskati ni kama kilomita 3,900, na ndege ikienda moja kwa moja hutumia saa tano na kitu. Wazee wetu walisubiri kusi livume, wakapakia jahazi, wakakaa baharini wiki kadhaa. Aliyekosa msimu alingoja mwakani. Mimi hufunga sanduku usiku, na kesho yake kabla ya Maghribi niko kwa binti yangu, nguo hazina hata mkunjo.

Ndiyo maana mjukuu wangu tuliyesafiri naye, aliponiona nasali Adhuhuri rakaa mbili sehemu ya nyuma ndani ya ndege, penye upenyo karibu na jiko, akaniuliza: "Bibi, unapunguza kwa sababu gani? Umechoka nini?"

Kauliza haki. Ruhusa ya msafiri kupunguza sala, na kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye, sote tumezoea kuieleza kwa tabu ya njiani: jua, kiu, mawimbi. Tabu ikiondoka, ruhusa imeshikwa na nini?

Sisi wa pwani ni Mashafi, na kipimo chetu ni masafa: marhala mbili, maili 48 za zamani, kilomita 80 na kitu kwa hesabu ya leo. (Ukifika na kunuia kukaa siku nne, safari imekwisha, unarudi kwenye rakaa nne.) Imam Nawawi wa Shamu, aliyefariki 1277, kaligusa jambo hili katika kitabu chake Minhaj: bahari ni kama nchi kavu, na mtu akizikata maili hizo kwa kitambo kidogo tu, bado anapunguza. Aliandika zama za tanga na ngamia! Mwanachuoni Ibn Taymiyya yeye alikataa kufungwa na maili. Safari ni ile ambayo watu wenyewe wanaiita safari.

Kinachonitatiza mimi si ndege, ni gari la Makunduchi. Jirani yangu muuza samaki hulipanda kurudi kwao, magoti yamegusa kidevu, maji ya tenga yakimchuruzikia miguuni. Safari yote haifiki kilomita 70, kwa hiyo si msafiri. Mimi niliyefunikwa blanketi, skrini ikinionyesha kibla kwa mshale, mhudumu akiniuliza kuku au samaki, ndiye msafiri.

Masheikh hujibu kwamba tabu haipimiki, maili zinahesabika. Jibu zuri, la kikadhi. Linaloniridhisha zaidi ni la Sayyidna Umar. Aliulizwa vipi watu wapunguze sala na hali wako salama, ilhali aya ya Qur'ani inayoruhusu kupunguza imetaja hofu. Akasema naye lilimshangaza vilevile, akamuuliza Mtume, akaambiwa hiyo ni sadaka aliyowapa Mwenyezi Mungu, basi ipokeeni.

Sadaka si ujira. Ingelikuwa ujira wa jasho, ndege ingelininyima haki yangu yote. Anayepewa sadaka haulizwi kachoka kiasi gani, na kuikataa kwa kuwa hukuitolea jasho naona ni kiburi kilichovaa kanzu.

Mjukuu akaridhika nusu. Akataka kujua mbona muuza samaki naye hakupewa. Niliporudi nikampelekea mwenyewe swali lile, akacheka huku anapara changu: rakaa nne keshazizoea, kama kuna mwenye uwezo wa kupunguza basi ampunguzie nauli.