MALAIKA ALIMGUSA ELIYA



Tangu vita kuingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, mama mmoja wa parokia yetu alikosa usingizi. Sisi tuliomtembelea tulimwambia: «Ongeza imani, mama.» Tukaomba, tukatoka. Mtoto wake aliye Ubelgiji akamtumia saa ya mkono yenye kupima mapigo ya moyo na usingizi. Tena usiku, woga ukimshika, aliandikia programu ya akili bandia katika simu, nayo ikamjibu. Wengine kati yetu walisema: «Huo ni uchawi!»

Hapana, wandugu. Saa ile inatoa mwanga wa kijani juu ya ngozi na kuhesabu namna damu inavyopita. Inaona kwamba moyo unapiga mbio. Haijui kwamba ni sababu ya risasi za usiku ule. Nayo programu inapanga maneno kufuatana na maandiko mengi iliyofundishwa. Mwaka 1966, huko Marekani, profesa Joseph Weizenbaum alitangaza programu ELIZA, iliyorudishia mtu maneno yake kama maulizo. Alishangaa kuona watu wanaifungulia mioyo. Mwenye mzigo anatafuta wa kumsikia.

Mama alituambia: «Simu haikunikatiza maneno.» Neno hilo lilituchoma. Tulirudi kwake, tukaomba msamaha, tukaketi kimya. Alisema mpaka jua likashuka.

Tumkumbuke nabii Eliya jangwani, chini ya mti, akiomba kufa. Malaika hakumhukumu. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akarudi mara ya pili. Kisha Mungu akampa Elisha awe mwenzake.

Basi, saa ikionyesha kwamba mtu halali, tuipokee kama shahidi, twende kwake. Lakini saa si muganga, wala programu si mchungaji. Inaweza kukosea, na siri tunazoiandikia zinafika kwa kampuni ya mbali. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake na simu. Tukae naye, tumsindikize kwa waganga wa wagonjwa wa akili, kama wale wa Sosame huko Bukavu. Maombi hayakatazi dawa.

Juma hili, kila mmoja wetu atembelee mtu mmoja, asikilize mbele ya kuhubiri. Mungu abariki mikono yetu. Amina.