Wakili Akitaka Kuwa Mwalimu

Je, baba aliye wakili ana haki ya kuacha kazi yake akafundishe, hali mkewe na watoto wanategemea mapato hayo?

Huko Marekani, Horace Mann aliacha uwakili mwaka 1837 akawa msimamizi wa elimu ya jimbo la Massachusetts. Mwaka 1839 chuo cha walimu cha serikali kilifunguliwa Lexington kwa juhudi zake. Twamsifu. Lakini wakati ule mkewe alikuwa amefariki, wala hakuwa na mtoto. Alijinyima peke yake.

Mwenye ndoa hajinyimi peke yake. Hapa Kenya itambidi kwanza asomee ualimu ndipo aandikishwe na TSC, na karo ya watoto haingoji. Kwa hiyo, baba, usimletee mkeo uamuzi uliokwisha kukatwa, mletee ombi. Nawe mama, usijibu, "Mimi niliolewa na wakili." Uliolewa na mtu, na mtu huyo aweza kunyauka katika kazi yenye mshahara mnono.

Kaeni pamoja mpige hesabu: karo, kodi, madeni. Hesabu ikiwataka mngoje miaka miwili, ngojeni. Wito wa kweli hauozi kwa kungojea.