Je, Kuamua Sawa Kunatosha? VAR na Imani Yetu kwa Marefa

VAR ilipoletwa, tuliahidiwa kwamba ugomvi na marefa ungepungua. IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, iliiingiza katika sheria za mchezo mwaka 2018, na mwaka huohuo ikatumika kwenye Kombe la Dunia nchini Urusi. Hoja ilikuwa rahisi: refa ana macho mawili na huliona tukio mara moja tu, ilhali kamera ni nyingi na zinaweza kurudia. Makosa yakipungua, imani itaongezeka. Katika insha hii nataka kuihoji hatua hiyo ya mwisho. Je, tunamwamini mwamuzi kwa sababu tu anaamua sawa?

Tuchukue mfano wa karibu. Tarehe 5 Aprili 2024, Yanga ya Tanzania ilicheza na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, Dar es Salaam, ilikuwa imeisha 0-0. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alipiga shuti, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda karibu na mstari wa goli na kutoka. Waliotazama marudio wengi waliamini kwamba ulivuka. VAR ilikuwapo, lakini goli halikukubaliwa, na Sundowns wakasonga mbele kwa penalti 3-2. Hata sisi tulio Kampala, ambao Yanga si timu yetu, tuliibishania mechi ile. Nilichokigundua ni kwamba ubishi wenyewe haukukaa kwenye mpira na mstari. Baada ya muda mfupi ulikuwa umegeuka kuwa tuhuma ambazo hakuna aliyekuwa na ushahidi nazo.

Kwa nini tuhuma? Nadhani ni kwa sababu VAR haikuondoa uamuzi wa binadamu, iliuhamisha tu. Kamera inaweza kuonyesha mpira ukigusa mkono. Haiwezi kusema kama mguso huo ni kosa. Hilo bado huamuliwa na mtu. Zamani mtu huyo alikuwa mbele yetu, tukimwona alikosimama na kama beki alimziba. Akikosea, tuliweza kusema hakuona. Sasa sehemu ya uamuzi hufanyika katika chumba tusichokiona, na wenye chumba hicho wana picha zote. Kosa lao halina udhuru wa kutoona, kwa hiyo mtazamaji hutafuta sababu nyingine. Na kwa kuwa haambiwi sababu ya kweli, huibuni mwenyewe.

Wanasheria walilijua jambo hili kabla ya wanasoka. Mwaka 1923 huko Uingereza, mwendesha pikipiki aliyetiwa hatiani na mahakimu wa Sussex alikata shauri kwenda juu. Mahakimu walipoingia chumbani kushauriana, karani wao aliingia nao, na kampuni ya uwakili ya karani huyo ilikuwa ikimwakilisha mtu aliyemdai mwendesha pikipiki fidia kwa ajali hiyohiyo. Karani hakusema neno la kuwashawishi. Hata hivyo hukumu ilifutwa, kwani haki haitoshi kutendeka, lazima pia ionekane ikitendeka. Huenda uamuzi wa mahakimu ulikuwa sahihi kabisa. Kasoro ilikuwa kwamba aliyehukumiwa hakuwa na njia ya kujua hivyo.

Wapo watakaosema soka si mahakama, na kwamba mashabiki hawaridhiki hata wakielezwa. Hoja hii ina uzito. Tarehe 30 Septemba 2023, goli halali la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lilikataliwa. Siku chache baadaye sauti za chumba cha VAR zilitolewa. Zilionyesha kwamba waamuzi wa video walidhani goli lilikuwa limekubaliwa uwanjani, wakathibitisha uamuzi wasiouelewa, na walipogundua kosa mchezo ulikuwa umeshaanza tena. Sauti hizo hazikurudisha goli, na hasira haikuisha. Lakini ziliibadili aina ya hasira. Mtu aliyesikia mkanganyiko ule angeweza kudai utaratibu bora wa mawasiliano, na dai hilo linajibika. Tuhuma ya hila, isiyo na pa kuanzia, haijibiki.

Ndiyo maana naona hatua muhimu kuliko kamera yoyote ilikuwa ile ya Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, nchini Australia na New Zealand, ambako marefa walitangaza kwa kipaza sauti uamuzi uliotokana na VAR. Refa anapousema uamuzi wake mbele ya watu wote, anakubali kupimwa kwa maneno yake. Anamtendea mchezaji na mtazamaji kama watu wenye akili, wanaostahili kuambiwa. Kwangu hilo ni suala la heshima kabla ya kuwa suala la teknolojia, na linamhusu pia mwalimu anayesahihisha mtihani na ofisa anayekataa ombi la mwananchi.

Hata hivyo deni hili lina pande mbili. Anayedai kuelezwa lazima awe tayari kushawishika. Shabiki anayetaka sababu pale tu timu yake inapofungwa, na kunyamaza inapopendelewa, haulizi swali la haki. Anatafuta mtu wa kumlaumu, na hakuna maelezo yatakayomtosha. Waamuzi wakitufungulia chumba chao, itatubidi nasi tusikilize, hata sauti itakayotoka humo ikisema kwamba goli letu halikuwa goli.