Fedha Aliyopokea Baba

Oktoba 2018, katika mahakama ya shirikisho jijini New York, mzee Brian Bowen wa Saginaw, Michigan, alipanda kizimbani kutoa ushahidi. Alipofika mahali pa kumzungumzia mwanawe, akaangua kilio. Hakuwa mshtakiwa. Alikuwa baba aliyepokea fedha kwa ajili ya mtoto wake, na sasa alikuwa akieleza mbele ya watu jinsi fedha ile ilivyompotezea mtoto huyo kile alichokuwa akikitafuta.

Kijana, ambaye naye anaitwa Brian Bowen, alikuwa mmoja wa wachezaji bora wa mpira wa kikapu katika shule za sekondari za Marekani mwaka 2017. Wenzake walikuwa wamekwisha kutaja vyuo vyao. Yeye alikaa kimya mpaka Juni, kisha akatangaza Louisville, na mashabiki wa chuo hicho wakaona wameokota dhahabu njiani. Wasichokijua ni kwamba familia ilikuwa imeahidiwa dola 100,000, zilipwe kwa mafungu. Nyuma ya ahadi alikuwepo James Gatto wa Adidas, mwenzake Merl Code, na Christian Dawkins, kijana aliyekuwa akijijenga awe wakala wa wachezaji. Dawkins alikuwa mtu wa Saginaw vilevile, anafahamika na familia. Dalali wa mambo haya mara nyingi ni mtu wa nyumbani, mnayempokea kwa chai.

Msomaji atauliza, kampuni ya viatu inatafuta nini kwa mtoto wa shule? Kampuni hizi hufadhili timu za vijana za majira ya joto, hufadhili pia vyuo, na shabaha yake iko mbali zaidi: siku kijana akiingia NBA, avae kiatu chao na jina lake liuze. Agosti 2017 Louisville na Adidas walitangaza mkataba wa dola milioni 160 kwa miaka 10. Chuo kilihitaji mchezaji, kampuni ilihitaji chuo chake kishinde, wakala alihitaji mteja wa kesho. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutoa fedha, na hakuna hata mmoja ambaye sababu yake ilikuwa maisha ya yule kijana.

Septemba 26, 2017, watu 10 walikamatwa kwa tuhuma za malipo ya siri ya namna hii, wanne kati yao makocha wasaidizi wa vyuo vikuu. Louisville ikamsimamisha Bowen. Akahamia South Carolina, akafanya mazoezi, akasubiri kibali cha NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Uamuzi ulipotoka ulimtaka akae nje muda mrefu zaidi. Mwaka 2018 akaenda Australia kuchezea Sydney Kings. Baadaye aligusa NBA kwa mechi chache akiwa na Indiana Pacers. Chuo hakuwahi kukichezea hata mechi moja. Baba yake aliiambia mahakama kwamba alimficha mwanawe habari ya malipo yale.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma kila nikiirudia kesi hii. Gatto, Code na Dawkins walitiwa hatiani kwa ulaghai. Gatto akahukumiwa kifungo cha miezi tisa, wenzake miezi sita kila mmoja. Na mbele ya sheria waliolaghaiwa walikuwa vyuo vikuu, kwa kuwa vilitoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji wasiostahili. Kocha Rick Pitino alifukuzwa Louisville. Alikana kujua lolote, hakuadhibiwa na NCAA kwa jambo hilo, na leo anafundisha St. John's. Mtoto, aliyenunuliwa bila kujua bei yake, hakuhesabiwa kuwa ameibiwa kitu.

Simwoni mzee Bowen kuwa mchoyo. Alikuwa akiishi chini ya kanuni iliyompa mchezaji ada, malazi, chakula na gharama nyingine za masomo basi, wakati haki za kutangaza mashindano ya vyuo ya kila Machi ziliongezewa mkataba wa dola bilioni 8.8 mwaka 2016. Mlango wa mbele ukifungwa namna hiyo, watu hupita uani. Kosa lake lilikuwa kumwacha mwenye maisha nje ya chumba.

Siku hizi mlango wa mbele uko wazi. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa sauti moja dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na kuanzia Julai 1 mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wachezaji wake fedha, mpaka dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza, sehemu kubwa ikienda kwa futiboli ya Kimarekani. Nililifurahia badiliko hilo na bado nalitetea. Ila usajili umegeuka soko la wazi. Aprili 2022 mfanyabiashara John Ruiz alitangaza hadharani kwamba kampuni yake itamlipa mchezaji Nijel Pack dola 800,000 kwa miaka miwili pamoja na gari, akihamia chuo cha Miami. Siku hazikupita nyingi, wakala wa Isaiah Wong, nyota aliyekuwa pale pale, akasema mteja wake ataondoka asipoongezewa. Wong alibaki, na mwaka uliofuata Miami ikafika nusu fainali ya taifa. Desemba 2024 kocha Jim Larrañaga akaacha kazi, akisema amechoka, na kwamba baada ya nusu fainali ile wachezaji wanane waliamua kutafuta pengine.

Na ahadi za mdomo hazijafa. Desemba 2024 wachezaji sita waliopita Florida State walimshtaki kocha wao, Leonard Hamilton, wakidai aliahidi kila mmoja dola 250,000 ambazo hawakuziona. Kwa maelezo yao, Februari mwaka huo walikuwa wameacha mazoezi kabla ya mechi na Duke kwa sababu ya fedha hizo. Madai ni madai. Lakini tazama mahali walipofika: wanaume wazima, walioruhusiwa na sheria kulipwa, wakibishana juu ya maneno kwa kuwa hawakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kwa vijana wetu liko jingine tena. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mtoto wa mji unaozungumza Kiswahili, alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky, akidaka ribaundi 15 kwa mechi. Wenzake walisaini mikataba ya matangazo. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, ambayo haimruhusu kufanya kazi ya namna hiyo katika ardhi ya Marekani, na kuivunja ni kuhatarisha kukaa kwake. Kentucky iliposafiri kwenda Bahamas Agosti 2022, ndipo akafanya matangazo yake, nje ya mipaka. Alikuwa na watu wanaoijua sheria. Je, kijana wa miaka 17 kutoka Mwanza au Goma, anayeongozwa na mtu aliyekutana naye uwanjani, atakuwa nao? Mtanzania Hasheem Thabeet alipokwenda chuo cha Connecticut mwaka 2006 swali hili halikuwepo, maana hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kulipwa. Sasa lipo, na wanaoliuliza kabla ya safari ni wachache.

Mzazi mwenzangu, wewe uliye na mtoto mrefu anayechelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya goli la kikapu, siku mgeni akija na jina la chuo na kiasi cha fedha, usimtume mtoto dukani. Mwite akae. Muulize mgeni, mbele yake, fedha hii inatoka kwa nani, anayetoa anatarajia nini, na viza ya mwanao inasemaje. Ataka jibu la haraka? Mwambie aandike yote hayo, mtampelekea mwanasheria, kisha mtoto atajibu mwenyewe.