Jiwe la Bibi, Kinu cha Bwana

Sisi wasomaji tunavihusudu vinu vya upepo. Don Quixote alivivamia akidhani ni majitu, na Waingereza hadi leo wanavitunza vijijini kama makanisa. Kile cha Outwood, cha mwaka 1665, bado kimesimama. Lakini tunapohifadhi chombo cha kazi, tunahifadhi kumbukumbu ya nani?

Haneti, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, upepo upo wa kumwaga, ila katika safari ya nafaka kazi yake iliishia kwenye kupeta uwele na mtama. Kusaga kulikuwa kwa wanawake: magoti chini, jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, tangu alfajiri, mpaka unga utoshe ugali wa nyumba nzima. Kisha zikaja mashine. Nilimuuliza bibi mmoja wa huko kama analikumbuka jiwe lake.

"Magoti ndiyo yanalikumbuka, mjukuu wangu."

Jiwe lenyewe lipo, nyuma ya nyumba. Hajalitupa. Mashine nayo huharibika, alisema, na hela ya kusagia siyo kila siku ipo.

Jibu hilo lilinipeleka mbali, hadi St Albans, Uingereza. Enzi zile wakulima wengi walilazimika kusaga kwenye kinu cha bwana, kiwe cha maji au cha upepo, na kukatwa sehemu ya nafaka. Katika karne ya 14, Abate Richard wa Wallingford aliwanyang'anya watu wa mji ule mawe yao ya kusagia, akayatandaza kuwa sakafu ya monasteri. Yaani yakanyagwe kabisa! Mwaka 1381, wakulima walipoasi, watu wakaingia, wakayang'oa, wakayavunja, wakagawana vipande kama mkate wa baraka.

Sidhani kama walikuwa na hamu ya kusaga kwa mkono; jiwe lililovunjwa halisagi. Walichokataa ni kulazimishwa. Na bibi wa Haneti je? Hakuna abate aliyemkataza jiwe, lakini pia hakuna aliyemuuliza kama analitaka. Aliolewa, akalikuta. Ndiyo maana anayelalamika kuwa mashine imetuua utamaduni simsikilizi sana, hasa akiwa mwanamume mwenzangu.

Jiwe lile likifika makumbusho siku moja, kibao chake kisiishie kwenye "zana ya jadi". Kiandikwe lilisagiwa saa ngapi kwa siku, na nani alikuwa bado amelala.