Ni Nani Atamlipa Aliyeumizwa?



Tuwaze mama mmoja mjane. Wezi wameingia usiku, wamemkata mkono, wamebeba cherehani iliyolisha watoto wake. Mmoja anakamatwa. Tribunali inamtia gerezani na kumpiga amande. Ile amande inaingia wapi? Katika sanduku la Leta. Mama anarudi na karatasi inayosema mwizi amlipe, na mwizi hana hata shati la pili.

Wengine wanauliza: Leta haikuiba, italipa juu ya nini? Swali lao si la kipumbavu. Sheria yetu ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, inataka aliyeharibu ndiye atengeneze. Kifungu cha 260 kinamwongeza bwana kwa kosa la mtumishi wake. Kwa askari, basi, jambo ni wazi. Lakini mwizi si mtumishi wa Leta.

Tufungue Kumbukumbu la Torati 21. Maiti imeonekana shambani, muuaji hajulikani. Wanapima mpaka mji ulio karibu, na wazee wa mji ule wanatoa mtamba, wananawa mikono, wanaomba. Hawakuua. Hata hivyo hawaruhusiwi kusema: hayatuhusu.

Na Leta imefanya zaidi ya wazee wale: imetukataza kisasi, imetutoza kodi ili itulinde. Ukimnyang'anya mtu fimbo yake ukisema utamlinda, akipigwa uko na deni lake.

Kongo yenyewe inaijua kanuni hii. Tarehe 9 Februari 2022 Korti ya La Haye iliamuru Uganda itulipe dola milioni 325. Kwa Ituri, Uganda ilipatikana na hatia hata kwa uovu wa makundi yasiyo jeshi lake, kwa kuwa ilishika inchi na haikulinda watu. Tulifurahi. Je, tunachodai kwa jirani, mjane asikidai kwetu?

Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 ilianzisha mfuko wa FONAREV kwa walioteswa kingono katika vita na kwa makosa makubwa dhidi ya binadamu. Ni vema sana, lakini mjane wetu hayumo.

Mwovu hatapona kwa njia hiyo. Leta ilipe kwanza hospitali na cherehani, kisha imdai yeye, hata kwa kazi ya mikono gerezani. Leta inaweza kungoja miaka kumi. Watoto wa yule mama wanakula leo.