Tuliyaona ya Hanang, ya jirani hatukuyaona

Tulipokuwa madrasa huku Newala, swali juu ya televisheni lilikuwa moja tu: halali au haramu? Ustadhi wetu mmoja aliiita sanduku la shetani, mwingine akasema ni chombo tu, kama kisu. Waweza kuchinjia kuku au kumchomea mtu. Wakati huo kwa Tanzania Bara jambo lenyewe lilikuwa jipya. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vilianza 1994. Televisheni ya Taifa, TVT, ilikuja 2000, na baadaye ikawa TBC tunayoijua leo.

Mjadala ule umekwisha wenyewe bila fatwa. Leo televisheni imo katika nyumba za masheikh, imo katika ofisi za taasisi zetu. Lakini, ndugu msomaji, kwisha kwa mjadala si kupatikana kwa jibu. Nadhani tuliuliza swali lisilo lenyewe. Tulihukumu chombo, hatukumhukumu mtazamaji. Nitaeleza jambo lililonifikisha hapa, ingawa halinipi sifa.

Desemba 2023 shule zilikuwa zimefungwa. Mimi nafundisha Masasi, basi nikapanda Newala kwa wazee. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, shamba halikwendeka, na korosho zilizobaki zilikuwa zimeshafunikwa. Nikakaa mbele ya televisheni ya Taifa tangu kusomwa kwa magazeti asubuhi hadi usiku. Siku nzima! Nikaona mkulima akielezwa namna ya kupambana na wadudu. Nikaona watoto wakiimba, waziri akizindua mradi, wasanii wakicheza, tangazo la sabuni, mjadala wa wasomi, mchezo wa kuigiza wa mume na mke wanaogombana, kisha tena tangazo la sabuni. Sala nilisali, namshukuru Allah, lakini nakiri kwamba nilisali katikati ya vipindi kama mtu anayekwenda kuchota maji na kurudi mbio.

Saa mbili usiku ikaja taarifa ya habari. Zilikuwa siku chache tu tangu 3 Desemba, siku ambayo tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 80. Tuliona nyumba zimezikwa, tuliona mtu akitafuta watu wake kwenye udongo kwa mikono mitupu. Mama yangu alilia. Na mimi machozi yalinitoka. Kila mmoja sebuleni alikuwa akisema Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Wakati huo huo hodi ikabishwa. Alikuwa bibi mmoja jirani yetu, anayekaa na mjukuu wake peke yao. Alisimama barazani, hakuingia. Nilimsikia akisema, "Mwalimu, mtoto anachemka, nimekuja kuomba kijana wa pikipiki." Nikamjibu bila ya kunyanyuka, "Sawa bibi, nisubiri kidogo." Nilikusudia kweli kwenda. Nilisema moyoni, habari hii ikiisha tu. Habari ikaisha, ikaja michezo. Baada ya michezo kikaja kichekesho, na hapo hapo, tukiwa bado na machozi mashavuni, tukacheka. Bibi nikamsahau.

Karibu saa nne umeme ukakatika. Nyumba ikawa kimya, nikasikia mvua juu ya bati, ndipo nilipomkumbuka. Nikachukua tochi nikaenda kwake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na kwenda naye kwenye matibabu kwa miguu, usiku, katika mvua. Alhamdulillah, ilikuwa malaria na mtoto alipona. Asubuhi nilikwenda kumuomba radhi. Akanishangaa. Akasema, "Usijali mjukuu wangu. Niliwakuta mnalia, nikajua mmepata msiba. Nikaona nisiwasumbue." Nikamwambia msiba ulikuwa wa watu wa Hanang. Akaniuliza Hanang ni wapi. Nilipomweleza, akainua mikono akawaombea dua ndefu, yeye ambaye hakuona hata picha moja.

Tangu siku hiyo najiuliza: machozi yangu yalikuwa nini? Je, yalikuwa huruma, au yalikuwa sehemu ya burudani ya usiku ule kama kichekesho kilichofuata?

Wapo watakaosema kosa ni la televisheni, kwamba inachanganya msiba na mzaha, waziri na mcheza ngoma, mpaka moyo unakufa. Hoja hii ina uzito, lakini haikamiliki. Televisheni ya Taifa ni ya watu wote: Muislamu na Mkristo, mkulima wa Newala na mvuvi wa Kilwa, mzee na mtoto. Chombo cha wote hakina budi kuchanganya. Sisi hatuwezi kukidai kiwe madrasa yetu, kama ambavyo hatungekubali kiwe kanisa la wengine.

Tena kuchanganyika kwa hali za moyo si jambo geni katika dini yetu. Katika Sahihi Muslim imo habari ya sahaba Handhala (r.a.), aliyetoka akilia kwamba amekuwa mnafiki. Akiwa mbele ya Mtume (s.a.w.) alihisi kama anaiona Pepo na Moto kwa macho, lakini akirudi kwa mkewe, watoto na shughuli zake husahau mengi. Abubakar (r.a.) akamwambia kuwa na yeye hupatwa na hali hiyo hiyo. Wakaenda kwa Mtume (s.a.w.), naye hakuwahukumu kuwa ni wanafiki. Aliwafundisha kwamba kuna saa ya jambo hili na kuna saa ya jambo lile. Basi kulia saa mbili na kucheka saa tatu peke yake si unafiki.

Tatizo liko wapi basi? Tazama kisa kingine, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamwezesha Bibi Aisha (r.a.) kuwatazama, akimsitiri kwa shuka yake. Alisimama naye mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Wengi hukitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba kutazama mchezo wa halali kunaruhusiwa, na ni kweli. Lakini tuangalie na mwisho wake. Utazamaji ule ulikuwa na kikomo, na aliyekiweka kikomo ni mtazamaji mwenyewe. Alitazama, akatosheka, akaondoka.

Televisheni haina kutosheka. Kipindi kikiisha kingine kimeshaanza, na kabla hakijaanza umeshaonjeshwa cha tatu. Haitakuambia hata siku moja: sasa basi, kuna mtu barazani. Mimi usiku ule nilihitaji umeme ukatike ndipo nijue kwamba nimetosheka. Handhala alikuwa na saa na saa, na saa zake alizigawa mwenyewe. Mimi saa zangu niligawiwa na mtu nisiyemjua, aliyekaa Dar es Salaam akapanga vipindi bila kujua kwamba mjukuu wa bibi wa Newala ana homa. Na wala hakuwa na wajibu wa kujua. Wajibu ulikuwa wangu mimi niliyesikia hodi.

Mwenyezi Mungu ametutahadharisha katika Surat Al-Israa, aya ya 36, kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Tumezoea kuifahamu aya hii kwa upande wa haramu tu: usitazame picha chafu, usisikilize usengenyaji. Hapana shaka hayo yamo. Lakini jicho huulizwa pia juu ya jema lililoliona na mtu asilifanyie kazi. Kuona ni amali. Ukiona shida, umeshapata deni.

Ni deni gani? Hapa wengine watauliza: mtu wa Newala atamfanyia nini mtu wa Katesh? Masasi ilitupa somo mwaka 2020. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipofariki 24 Julai, alizikwa 29 Julai kijijini kwake Lupaso, wilayani Masasi. Zilikuwa siku za mwanzo za Mfungo Tatu. Kwa siku ile sisi ndio tuliokuwa ndani ya televisheni, na nchi nzima ikatutazama. Nchi ikaona jeneza na viongozi. Haikuona wanaochota maji, wanaopokea wageni, wanaotoa vyumba vyao watu walale. Aliye Kigoma alikuwa na dua yake, na ilimtosha. Lakini jirani wa Lupaso angekaa ndani kutazama mazishi yale kwenye kioo huku msiba uko mlangoni, tungemwonaje? Tungemwona mtu wa ajabu. Basi mimi na bibi yangu nilikuwa mtu huyo wa ajabu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha daraja tatu za kukabili uovu: mkono, kisha ulimi, kisha moyo. Nadhani na shida ya mtu ina daraja zake. Ya mbali ina dua na mchango, na si haba. Wapo waliotuma fedha na nguo Hanang baada ya kuona picha zile, na hao televisheni iliwafaa, ikawa sababu ya kheri. Ya karibu inataka mkono na miguu. Hatari ya kioo ni kutufanya tutoe machozi kwa wote na mkono kwa hakuna, kisha tulale tukijiona wenye huruma. Surat Al-Maun tunaisoma kila siku kwa kuwa ni fupi. Inawakemea wanaoghafilika na sala zao na wanaozuia msaada mdogo. Pikipiki ya jirani ni nini kama si msaada mdogo?

Hata hivyo, kusema kwamba hisabu ni ya mtazamaji si kuwaachia huru wenye chombo. Televisheni ya umma ni amana. Yule bibi hana televisheni, lakini akinunua sabuni ameichangia kwa kodi yake. Ana haki ya kusemewa ukweli, watoto kusitiriwa na yasiyowafaa, na mambo ya wote kupewa nafasi kabla ya mapambo. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja mikutano yote ya Bunge, kwa hoja ya gharama, zikitajwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Sibishani na hesabu. Nauliza tu: chombo cha umma kikilazimika kupunguza, kianzie wapi? Kwenye jambo linalomfanya raia amjue mwakilishi wake, au kwenye ngoma ambazo hata vituo binafsi vinazo tele? Mpangaji wa vipindi naye ataulizwa saa zetu alizijaza nini, kama mimi nitakavyoulizwa kwa nini nilimwachia zote.

Ndugu Waislamu, sikuandika haya ili mtu avunje televisheni yake. Ya kwetu ipo bado, na taarifa ya habari naitazama. Lakini tumefanya mambo mawili nyumbani. La kwanza, kabla ya kuwasha tunasema tunatazama nini na tutazima lini. Nia mwanzoni, na kikomo mwishoni. La pili, baba ameamuru kwamba hodi ikibishwa, kioo kinazimwa, hata kama kuna nini. Watoto walinung'unika mwanzo, sasa wamezoea, tena wao ndio wa kwanza kukimbilia kitufe.

Allah ameapa kwa wakati kwamba binadamu yumo hasarani ila wenye imani na matendo mema, wanaousiana haki na subira. Sura nzima ni aya tatu. Haichukui hata muda wa tangazo moja la sabuni. Tumuombe atujaalie macho yanayoona mbali bila kupofuka kwa yaliyo karibu.

Wabillahi tawfiq.